Ahadi ya Sheria ni Deni



Mwezi huu twapenda kuwajibu wazazi wanaotuuliza swali ambalo watoto wao huja nalo nyumbani baada ya kusomeshwa skuli tarikhi ya Marekani. Swali lenyewe ni hili: imekuwaje nchi moja, yenye katiba moja na mahakama kuu moja, ikasema mwaka 1896 kwamba kuwatenga watu weusi na weupe kwaruhusiwa na katiba, kisha mwaka 1954 ikasema kwamba kuwatenga watoto wao skuli kwavunja katiba, na hali yale maneno ya katiba yaliyotegemewa hayakubadilika hata herufi moja? Je, sheria ni kitu cha kushikika, au ni tanga ligeukalo kila upepo ukigeuka?

Wako wanaolijibu swali hili kwa kusema "mnyonge hana haki", wakanyamaza. Wako na wengine wasemao kuwa sheria njema ikiisha kuandikwa, basi kazi imekwisha. Sisi hatukubaliani na hawa wala na wale. Methali iliyo karibu zaidi na jambo hili ni ile isemayo kuwa ahadi ni deni. Sheria ya haki ni ahadi ambayo dola imewapa raia wake. Na deni, kama ajuavyo kila mwenye duka, halilipwi kwa kuandikwa daftarini tu. Hulipwa pale anapokuwapo mdai asiyechoka, na mwamuzi aliye mwadilifu, na mwenye nguvu wa kuitimiza hukumu. Akikosekana mmoja katika hawa watatu, daftari litajaa maandishi na mwenye haki atalala na njaa.

Natuitazame basi ahadi hiyo tangu ilipotolewa.

Mwaka 1857 Mahakama Kuu ya Marekani ilihukumu kesi ya mtumwa aitwaye Dred Scott, aliyedai uhuru wake kwa kuwa bwana wake alikwenda naye akakaa katika sehemu ambazo utumwa ulikatazwa. Jaji Mkuu, Roger Taney, akasema kuwa mtu mweusi, awe mtumwa au awe huru, hawezi kuwa raia wa Marekani, na kwa hiyo hana hata haki ya kuleta madai mbele ya mahakama hiyo. Miaka minne baadaye vita vikazuka baina ya majimbo ya kaskazini na ya kusini, vikadumu tangu 1861 hata 1865. Vilipokwisha, katiba iliongezewa vifungu vitatu. Cha kwanza, mwaka 1865, kilifuta utumwa. Cha pili, mwaka 1868, kilisema kuwa kila aliyezaliwa katika nchi na kuwa chini ya mamlaka yake ni raia, na kuwa jimbo lolote lisimnyime mtu aliye chini ya mamlaka yake ulinzi ulio sawa wa sheria. Cha tatu, mwaka 1870, kilikataza kumnyima raia kura kwa sababu ya rangi yake.

Hicho cha pili, kiitwacho Rekebisho la Kumi na Nne, ndicho tunachotaka msomaji akishike vyema, kwani ndiyo ahadi yenyewe. Chasema "mtu", hakisemi mtu mweupe. Chasema ulinzi "ulio sawa".

Wino haukuwahi kukauka sana. Mwaka 1875 Bunge la Marekani lilitunga sheria ya kuwakataza wenye nyumba za wageni, vyombo vya usafiri na nyumba za michezo kuwabagua wateja kwa rangi. Mwaka 1883 Mahakama Kuu ikaitangua, ikasema kuwa ile ahadi yaifunga serikali ya jimbo tu, wala haimfungi mwenye hoteli. Jaji mmoja peke yake, John Marshall Harlan, akapinga. Harlan alikuwa mtu wa Kentucky, na katika jamaa zake walikuwamo wenye kumiliki watumwa.

Kisha ikaja kesi ya Homer Plessy. Jimbo la Louisiana lilikuwa limetunga sheria mwaka 1890 ya kutenga mabehewa ya garimoshi, ya weupe mbali na ya weusi mbali. Kamati ya raia wa New Orleans ikaazimia kuijaribu sheria hiyo mahakamani. Wakamchagua Plessy, fundi viatu, ambaye weusi wake ulikuwa wa mzazi mmoja tu katika vizazi vya nyuma, hata kwa macho asijulikane. Tarehe 7 Juni 1892 akanunua tikiti ya daraja la kwanza, akakaa katika behewa la weupe, akasema yeye ni nani, akakamatwa. Mwaka 1896 majaji saba walihukumu kuwa kutenga si kudharau, na kwamba watu weusi wakiona wamedharauliwa, basi dharau hiyo wameizua wao wenyewe katika fikira zao. Harlan akapinga tena, peke yake, akasema kuwa katiba haina macho ya kutazama rangi.

Hapo ndipo lilipozaliwa lile neno la "mbali lakini sawa". Msomaji aangalie jinsi neno "sawa" lilivyogeuzwa mikononi mwa wasomaji wake. Wala usawa huo haukuonekana. Mwaka 1899 wakuu wa elimu wa kaunti moja ya Georgia walifunga skuli ya juu ya watoto weusi na kuwaachia weupe ya kwao, na Mahakama Kuu ikaona hapana ubaya. Na aliyeiandika hukumu hiyo, kwa masikitiko, ni Harlan yule yule. Twalitaja hili ili watoto wetu wasiamini kuwa haki husimama juu ya mtu mmoja, hata akiwa mwema namna gani. Ama Plessy alirudi mahakamani mwaka 1897, akakubali kosa, akalipa faini ya dola 25. Msamaha wa jimbo ulimfikia mwaka 2022, naye alikwisha kufa tangu 1925.

Basi mwamuzi alipotea. Je, wadai nao walilala? Hawakulala, na hapa twaona fahari kueleza khabari za mwalimu na mwanafunzi wake. Mwalimu aliitwa Charles Hamilton Houston, aliyeongoza chuo cha sheria cha Howard mjini Washington. Mwanafunzi aliitwa Thurgood Marshall, kijana wa Baltimore aliyekwenda Howard kwa kuwa chuo cha sheria cha jimbo lake hakikupokea watu weusi. Houston alifundisha kuwa wakili ana kazi ya kuitengeneza jamii. Mpango wake ulikuwa wa subira: asiupige ukuta wote kwa pigo moja, bali aanze na vyuo vya juu, ambako majimbo hayakuwa na hata kisingizio cha chuo cha pili kilicho sawa.

Mwaka 1938 wakashinda kesi ya Missouri. Mwaka 1950 wakashinda mbili kwa siku moja, ya Texas na ya Oklahoma. Katika hiyo ya Oklahoma, mwalimu mtu mzima aitwaye George McLaurin alipokewa chuo kikuu, lakini akawekwa chumba cha pembeni asikilize somo kutokea huko, na akapewa meza yake peke yake katika maktaba na mahali pa chakula. Mahakama ikasema kuwa mtu aliyefungiwa hivyo hawezi kusoma sawa na wenziwe. Houston hakuisikia hukumu hiyo. Alikufa mwezi wa Aprili mwaka huo huo, wiki chache kabla haijatolewa.

Lakini mawakili hawana kesi pasipokuwa na wazazi. Hapa twawaomba wasomaji, hasa kina mama na kina baba, wasome polepole, kwani sehemu hii ndiyo yetu sisi wenye nyumba.

Katika kaunti ya Clarendon, jimbo la South Carolina, watoto weusi walikuwa wengi kuliko weupe. Katika mwaka wa masomo wa 1949 hata 1950, kaunti ilitumia dola 179 kwa kila mtoto mweupe, na dola 43 kwa kila mtoto mweusi. Watoto weupe walikuwa na mabasi 30 ya kuwapeleka skuli. Watoto weusi hawakuwa na hata moja, na wako waliokwenda kwa miguu maili nyingi asubuhi na jioni. Wazazi hawakuanza kwa kudai kuchanganywa skuli. Waliomba basi. Mkulima mmoja, Levi Pearson, alitia jina lake katika madai hayo. Mwaka 1948 kesi ikatupwa, kwa sababu shamba lake lilikuwa mpakani, na kodi yake ilihesabiwa katika wilaya nyingine. Benki zikamfungia mkopo.

Ndipo mchungaji na mwalimu mmoja, Joseph DeLaine, alipozunguka nyumba kwa nyumba kuwatafuta wazazi watakaotia majina pamoja. Wakapatikana zaidi ya ishirini. Wa kwanza katika orodha alikuwa Harry Briggs, aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha petroli. Akafukuzwa kazi mkesha wa Krismasi ya mwaka 1949. Mkewe, Eliza, aliyekuwa akisafisha vyumba katika nyumba ya wageni, naye akafukuzwa. Briggs akalazimika kwenda Florida kutafuta riziki. Nyumba ya DeLaine ikachomwa moto mwaka 1951, na mwaka 1955 likachomwa kanisa lake. Akakimbilia New York, wala hakurudi kuishi tena katika jimbo alilozaliwa.

Tufikiri, ndugu zetu. Watu hawa hawakuiba wala hawakumpiga mtu. Walitia sahihi karatasini, wakidai kilichokwisha kuandikwa katika katiba tangu mwaka 1868.

Kesi yao ilisikilizwa Charleston mwaka 1951, mbele ya majaji watatu. Jaji Waties Waring, mzaliwa wa mji huo, alikuwa ametoa shauri kuwa wasidai mabasi na majengo tu, bali wadai kuwa kutenga kwenyewe ni dhulma. Wakashindwa kwa majaji wawili dhidi ya mmoja, na huyo mmoja ni Waring. Alipostaafu mwaka 1952 akahama, kwani mji wake ulikwisha kumsusa.

Katika ushahidi wa kesi hiyo mlikuwamo jambo lililotugusa sana sisi tunaokaa na watoto kila siku. Mtaalamu Kenneth Clark, ambaye pamoja na mkewe Mamie alikuwa amechunguza mioyo ya watoto kwa miaka mingi, alikwenda Clarendon na wanasesere wawili, mweupe na mweusi. Aliwauliza watoto weusi wadogo: yupi mzuri? Yupi mbaya? Wengi wao wakamchagua mweupe kuwa mzuri, na mweusi kuwa mbaya. Kisha akawauliza: yupi aliye kama wewe?

Kesi ya Clarendon ilipanda hata Mahakama Kuu, ikaunganishwa na za Virginia, Delaware na Kansas, na kwa kuwa ile ya Kansas ilitangulia katika orodha, zote zikaitwa kwa jina la mdai wake, Brown. Ile ya Virginia ilianzishwa na wanafunzi wenyewe. Barbara Johns, msichana wa miaka 16, aliwaongoza wenziwe mwaka 1951 kugoma, kwa kuwa skuli ilifurika hata wakasomeshwa katika vibanda vya karatasi ya lami. Tarehe 17 Mei 1954 majaji wote tisa walihukumu kwa kauli moja kuwa skuli zilizotengwa kwa rangi haziwezi kuwa sawa. Jaji Mkuu Earl Warren alieleza kuwa kumtenga mtoto kwa rangi yake humtia moyoni hisia ya unyonge ambayo huenda isimtoke maisha. Basi lile ambalo majaji wa 1896 walisema kuwa ni fikira za watu weusi wenyewe, majaji wa 1954 walilitambua kuwa ni jeraha. Neno "sawa" lilibaki pale pale, na macho ya wenye kulisoma ndiyo yaliyofumbuka.

Je, deni lililipwa siku hiyo? La. Mwaka 1955 Mahakama ilipotakiwa iseme lini hukumu itimizwe, ilijibu kuwa ifanywe kwa haraka ya kadiri. Majimbo ya kusini yalisikia "kadiri", hayakusikia "haraka". Mwaka 1957 gavana wa Arkansas aliweka askari kuwazuia watoto tisa weusi wasiingie skuli ya Little Rock, hata Rais Eisenhower akapeleka jeshi la taifa kuwaingiza. Na katika kaunti ya Prince Edward, kule kule kwa Barbara Johns, wakuu waliona ni bora kuzifunga skuli zote za serikali kuliko kuwachanganya watoto. Zikafungwa tangu 1959 hata 1964. Weupe walijengewa skuli ya faragha, na wengi katika weusi wakakosa skuli miaka mitano. Mtoto aliyekuwa na miaka saba zilipofungwa alikuwa na miaka kumi na miwili zilipofunguliwa. Ni hukumu gani itakayomrudishia miaka hiyo? Kwa jumla, miaka kumi baada ya hukumu ya 1954, katika majimbo yaliyojitenga wakati wa vita, kiasi cha mtoto mmoja tu mweusi katika mia ndiye aliyekuwa akisoma pamoja na weupe.

Alikosekana mtimizaji. Alipopatikana, mambo yakaenda. Baada ya maandamano na vifungo vya miaka mingi, Bunge lilitunga Sheria ya Haki za Raia ya mwaka 1964, ikakataza ubaguzi katika mahoteli na makazini, na ikakataza fedha za serikali kuu zisipewe skuli zinazobagua. Safari hii majaji waliipitisha ile amri juu ya mahoteli, iliyotanguliwa mwaka 1883, kwa kupitia mlango mwingine, yaani mamlaka ya Bunge juu ya biashara kati ya majimbo. Mwaka 1965 ikafuata Sheria ya Haki ya Kura. Katika Mississippi, kabla ya sheria hiyo, walioandikishwa kupiga kura hawakufika hata 7 katika kila watu weusi 100 waliotimiza umri. Mwaka 1967 walikuwa karibu 60. Na mwaka 1969 Mahakama ikasema juu ya skuli kuwa muda wa kadiri umekwisha, zichanganywe sasa hivi.

Hata hivyo daftari halijafungwa. Mwaka 1974, katika kesi ya Detroit, majaji watano dhidi ya wanne walikataa kuzilazimisha wilaya za pembezoni mwa mji zishiriki katika kuwachanganya watoto. Mwaka 2013, tena watano dhidi ya wanne, waliondoa kipimo kilichoyalazimisha majimbo yenye tarikhi ya ubaguzi kuomba idhini kabla ya kubadili sheria zao za kura. Na mwaka 2023 Mahakama ilitumia ulinzi ule ule ulio sawa kukataza vyuo vikuu kuitazama rangi hata kwa nia ya kuwainua waliobaki nyuma. Majaji wa pande zote mbili walidai kuwa wao ndio warithi wa hukumu ya 1954. Msomaji anaweza kupima mwenyewe ni nani aliyesoma vyema. Sisi twataka aone tu kuwa kusoma kungali kukiendelea.

Limebaki jambo moja linalotuhusu sisi wa Afrika Mashariki. Mwezi wa Januari mwaka 1960, viongozi Waafrika wa Kenya walipokwenda London kujadiliana na Waingereza juu ya katiba, mshauri wao alikuwa Thurgood Marshall, yule mwanafunzi wa Houston. Aliandika rasimu ya haki za raia wa Kenya. Na mtu huyu, aliyewatetea maisha yake yote watu weusi waliokuwa wachache katika nchi yake, alitia katika rasimu hiyo kinga kwa walio wachache katika Kenya, nao walikuwa Wazungu na Waasia. Hakusema: "Sasa ni zamu yetu." Alijua kuwa haki impasayo mnyonge peke yake, ikamwacha mnyonge wa kesho, haijawa haki. Miaka saba baadaye, mwaka 1967, akawa mtu mweusi wa kwanza kuketi katika Mahakama Kuu ya Marekani.

Basi wazazi wetu, mtoto akikuulizeni kama sheria ni kitu cha kutegemewa, mwambieni hivi: sheria ni ahadi, na ahadi ni deni. Mfundisheni kusoma kilichoandikwa, aijue haki yake kwa jina lake. Mfundisheni pia kuuliza ni nani katika mtaa wake, skuli yake, hata katika nyumba yake mwenyewe, anayemdai yeye. Mtumishi wa nyumbani, mgeni wa kabila jingine, mtoto wa jirani anayetaniwa kwa rangi yake, hao nao wana madai, na wengi hawana wakili. Mwanasesere wa Clarendon hakuwafundisha watoto wale kujidharau. Walifundishwa na nyumba, na njia, na skuli, na maneno ya kila siku. Na maneno ya kila siku ya watoto wetu, mahakama yake ni sisi.

Tukutane mwezi ujao, inshallah.